Ushuhuda wa Pili wa Mama Nyla

Kila Jumamosi Nyla aliketi kwenye kigoda jikoni, mama yake akimsuka nywele za kwendea kanisani. Jumamosi moja mama alisuka kwa nguvu kuliko kawaida.

"Mama, taratibu! Hiki ni kichwa, si usukani!"

"Usukani una adabu, haupigi kelele," alijibu mama, aliyekuwa dereva wa basi la shule hapo Memphis, Marekani. Lakini hakucheka.

Nyla alijua kilichomsumbua. Mama alitaka kununua nyumba, benki ikamkatalia kwa sababu ya deni la zamani la hospitali. Kampuni moja ikamwahidi kuisafisha rekodi yake ya mikopo, ili benki isilione tena deni hilo. Ilimtoza dola mia nane kabla ya kufanya lolote, kisha ikamwambia atie sahihi kwamba mkoba wake wenye vitambulisho uliibwa, na mwizi ndiye aliyetibiwa kwa jina lake. Mkoba wenyewe ulikuwa unaning'inia mlangoni! Mama alitia sahihi. Kwa furaha alisimama kanisani, wakati wa ushuhuda, akaisifu kampuni hiyo, na waumini kadhaa wakaifuata. Rekodi zao hazikubadilika, na simu zao hazikupokelewa tena. Sasa serikali ilikuwa imeishtaki kampuni hiyo, na wakili wa serikali alitafuta mashahidi.

"Utakwenda, Mama?"

"Nikaseme nini? Kwamba nilidanganywa, nami nikadanganya? Watu watanicheka."

Nyla naye aliogopa kuchekwa shuleni. Lakini alimkumbuka Bibi Ernestine, mwoka keki wa kanisani kwao, ambaye akiba yake ya kununulia jiko jipya ilipotelea huko huko.

"Mama, Bibi Ernestine hakuiamini kampuni. Alikuamini wewe."

Mikono ya mama ikasimama kichwani mwake.

Kesho yake, wakati wa ushuhuda, mama aliinuka. "Ndugu zangu, nilisimama hapa nikawapotosha. Nilitia sahihi uongo, nami naona haya. Nisameheni."

Nyla aliona aibu, akatazama viatu vyake. Mara ikasikika sauti ya Bibi Ernestine: "Asante, Yesu! Kumbe mjinga si mimi peke yangu!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mmoja baada ya mwingine, waliotapeliwa wakainuka, na wiki hiyo wakaenda wote kwa wakili wa serikali.

Mahakamani, wakili wa kampuni alimkazia mama macho. "Si wewe uliyetia sahihi uongo huo?"

"Ni mimi," mama alijibu bila kutetereka. "Walinifundisha wao, nami nikakubali. Leo nimekuja kusema kweli."

Nyla, aliyekaa nyuma na Bibi Ernestine, alijaa fahari hata akatamani kusimama juu ya benchi apaze sauti: huyo ni mama yangu!

Jaji aliipiga marufuku kampuni hiyo na kuiamuru irudishe pesa za watu. Mama alizitumia zake kupunguza deni la hospitali, akalimaliza kidogo kidogo kwa mshahara wake. Mwaka uliofuata benki ilimkubalia, akanunua nyumba ndogo yenye jiko la manjano.

Jumamosi ya kwanza humo, Nyla aliketi kwenye kigoda kile kile. Bibi Ernestine alikuwa ameleta keki.

"Mama, kwa hiyo rekodi yako imesafishwa?"

"Deni la kweli halifutwi kwa uongo, mwanangu, hulipwa. Na ukikosea mbele za watu, rudi mbele ya watu hao hao useme kweli. Hapo ndipo jina lako linaposafishika."

"Amina," alisema Bibi Ernestine. "Njia ya mwongo ni fupi. Haya, inamisha kichwa, mtoto, mama yako amalize tule keki."