Tano Kila Mahali

Kila asubuhi Upendo aliteremka kilima cha Butihinda, Burundi, daftari kwapani na kipande cha muhogo mkononi. Alikuwa mwaka wa sita, hodari wa hesabu na mcheshi kupindukia. Kilichomfunga mdomo ni Kifaransa tu. Familia yao ilikuwa imerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na kule alikipata nusunusu, mwalimu leo yupo, kesho hayupo. Akianguka tena mtihani, angerudia darasa.

Jumatatu moja mwalimu wao, Madamu Imelda kutoka Gitega, aligawa karatasi za sentensi ishirini. "Nafurahi kusoma." "Siogopi kuongea Kifaransa." Ukikataa kabisa unaweka moja, ukikubali kabisa, tano.

"Msiandike majina," alisema. "Nataka kujua mnavyojisikia mkisoma, nijue pa kuwasaidia."

Jioni nyumbani, baba yake, mzee Kastori, aliishika ile karatasi kwa uangalifu kama aliyeshika yai.

"Mwanangu, fomu ni fomu. Kambini, aliyejibu vibaya alikosa unga. Weka tano kila mahali!"

Upendo akaweka.

Alhamisi Madamu aliingia darasani akishangaa. "Watoto arobaini na wawili, na hakuna anayeogopa Kifaransa! Basi yale masomo ya jioni niliyoyapanga nitawapa mwaka wa tano. Wao wamesema wanahitaji msaada."

Moyo wa Upendo ulimlipuka paa! Msaada wenyewe huo ulikuwa unampita akiutazama. Alijua akisimama atachekwa, lakini heri kuchekwa siku moja kuliko kurudia mwaka mzima. Akasimama.

"Madamu, nilidanganya. Niliweka tano, lakini Kifaransa nakiogopa kuliko nyoka."

Darasa likaangua kicheko. Swabra, binti wa fundi cherehani wa sokoni, hakucheka. Naye alisimama.

"Mi pia, Madamu. Nilizani we utakasirika."

Mkono mmoja ukainuka, kisha mwingine, mpaka darasa zima likaonekana msitu wa mikono. Madamu alicheka hadi akafuta machozi.

"Nikasirike kwa nini? Chukueni karatasi nyingine, na safari hii mniambie kweli."

Wiki ileile masomo yakaanza, mwaka wa tano na wa sita kwa zamu. Madamu aliweka sheria moja: anayekosea akijaribu anapigiwa makofi. Looo, makofi ya Upendo hayakuwa na idadi! Mwezi wa sita alipata kumi na tatu juu ya ishirini katika mtihani wa Kifaransa, akapanda kilima mbio, akiimba.

Mzee Kastori aliisoma ripoti mara mbili, akamkumbatia binti yake.

"Nilikupotosha, mwanangu," alisema. "Waswahili wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu akikuuliza ili akusaidie, mwonyeshe panapouma. Ukimwambia huumwi, dawa atampa mwingine."

Kisha akavuta kigoda karibu na daftari.

"Haya, Madamu Upendo, nifundishe na mimi. Mimi pia nakiogopa, niwekee moja!"