Ubani wa Ghazala

Gari lilikuwa limeshatoka getini kwao Sib, likivuta tela, na ndani ya tela alisimama Ghazala, farasi wa Babu Sleyum, akinukia kama bi harusi. Safari ilikuwa ya Bawshar, kwenye maonyesho ya farasi. Kwa mara ya kwanza Wijdan, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye angempanda mbele ya watu.

"Hee! Tumebeba farasi au mwari?" aliuliza kaka yake Hatem, aliyekuwa akiendesha.

"Nimemfukiza ubani," Wijdan alijibu upesi. "Si tunafukiza wageni? Na yeye nimemfukiza."

Babu alicheka, kisha akageukia tela. Pua yake ilikuwa imenusa kitu kingine chini ya ubani.

"Hatem, simamisha gari."

Waliegesha kiwanjani Mawaleh. Babu akauinua mguu wa Ghazala. Farasi akatetemeka, akauvuta kwa nguvu. Ndani ya ukwato samadi ilikuwa imeshindiliwa, na uozo wake ukinuka kupita papa mkavu.

"Wijdan, kwato ulizichokoa lini?"

"Kila asubuhi, Babu, kama ulivyonifunza."

"Kila asubuhi?"

Hapo Ghazala alipiga chafya, akamrushia Wijdan makamasi, nguo mpya yote ikaroa. Wijdan alijifuta, machozi yakimlenga.

"Wiki nzima sijazichokoa, Babu. Nilikuwa nnamsuka mkia. Harufu ilipozidi, nikachukua chetezo cha Bibi."

"Mkia umesukwa, miguu inaoza!" Hatem alicheka mpaka akashika tela.

"Nikimpanda leo ataumia?" Wijdan aliuliza.

"Ataumia sana."

Wijdan aliitazama njia ya Bawshar, halafu akapanda garini. "Basi turudi nyumbani."

Jioni, alipokuwa akiziosha kwato kwa maji ya moto yenye chumvi na kuzikausha kwa kitambaa, Babu alichuchumaa kando yake.

"Uvivu ningekusamehe papo hapo, mwanangu. Ubani ndo ulioniudhi. Ulinificha mie, lakini aliyepata maumivu ni yeye, naye hana mdomo wa kunambia. Ukikosa, sema mapema, kidonda kikiwa bado kidogo."

Ghazala alipona baada ya wiki tatu. Maonyesho yalifanyika bila wao. Mwaka uliofuata Wijdan alimpanda, akawa wa saba kati ya tisa. Bibi alikifungia chetezo chake kabatini. Hatem ameliosha tela mara nne, na bado linanukia harusi.