Kumfungulia Anaclet

Waliokuwapo alasiri ile ya Jumapili, Novemba 1998, katika nyumba moja ya mtaa wa Muhumba, ni hawa: Venant Mushagalusa, mkuu wa chama cha Undugu, Philémon Kajibwami, mlinzi wa funguo, Floribert Zihindula, fundi wa redio, na mwanamke, kwa mara ya kwanza katika chumba kile, Adélaïde Nabintu, mke wa Anaclet Cirhuza. Anaclet mwenyewe, ndugu wa nne wa chama, hakuwapo. Vita vilipoanza mwezi wa Agosti alitoweka njiani kwenda kijiji cha Mumosho.

Desturi ya Undugu ilikuwa kwamba mkutano unapoanza kila ndugu hugonga meza mara moja mahali pake. Tangu Oktoba, mahali pa Anaclet palikuwa pakigongwa bila mtu. Mara ya kwanza Floribert alitania kwamba Anaclet alipokuwa hai hakuwahi kufika kwa wakati. Hakuna aliyecheka. Philémon alisema ni muzimu wa ndugu aliyekufa bila kufunguliwa kifungo cha Undugu, na kwamba ili afunguliwe, mke wake lazima aguse kiti chake na kumwambia aende.

Adélaïde alikataa, kwa sababu hakuna aliyeona maiti. Walipomweleza jinsi mfu asiyefunguliwa anavyoteseka, alikuja.

Venant akagonga. Philémon akagonga. Floribert akagonga. Kisha meza ikagongwa pale pasipo na mtu, na chumba kikajaa harufu ya jasho la homa na ya majani ya mkaratusi yaliyochemshwa, na juu ya kiti ikasikika pumzi, ikivutwa kwa shida, ikikatika, ikirudi, mpaka Floribert akaanza kusali rozari kwa midomo tu na kila mmoja wao akauona mlango uko mbali mno.

Adélaïde aliweka mkono kitini.

"Papa Venant, kiti iko na joto."

"Ni hasira ya muzimu, maman."

"Na hii harufu ya dawa? Mutu mwenye alikufa, banamupikiaka dawa?"

Venant alimwambia kwa upole kwamba kumzuia ni kumtesa.

Adélaïde aliinamia kiti. "Anaclet," alisema kwa sauti ndogo, "kama ni mimi nakuzuia, wende. Watoto nitabaangalia. Wende, baba."

Pumzi ilivutwa mara moja, haikurudi. Kiti kilipoa chini ya mkono wake. Philémon alikigeuza kikatazama ukuta, nao wanaume wakamshukuru Mungu.

Jumatano, mkulima wa Mumosho aitwaye Fabiola M'Cibalonza alifika kwa Adélaïde kwa miguu. Alieleza kwamba yeye na mama yake walikuwa wamemficha Anaclet tangu Agosti, kwamba alishikwa na homa wakamfukiza kwa majani ya mkaratusi, na kwamba alikuwa ameanza kula tena. Anaclet Cirhuza alikufa Jumapili, alasiri.