Kwa Nini Kifungo Aliendelea Kunguruma

Kila alasiri, Kicheko alivua viatu nje ya mlango, akaufungua polepole na kuingia akinyata. Baba yake alikuwa mwokaji mikate. Aliondoka nyumbani saa tisa usiku, akarudi saa saba mchana, na Kicheko alipotoka shuleni alimkuta amelala fofofo. Kwa hiyo msichana alikula chakula chake kimya, akaosha sahani bila kuzigonganisha, akafanya mazoezi ya hesabu mezani huku akisikiliza saa ya ukutani. Baba akiamka jioni walikula pamoja, lakini macho yake yalikuwa mazito na maneno yake machache. Mama alifanya kazi mji mwingine, na simu yake ilikuja Jumapili.

Shuleni hali haikuwa nafuu. Walikuwa wamehamia mtaa huo mwanzoni mwa mwaka, na Kicheko hakuwa na rafiki. Jina hilo alibandikwa na wenzake, wala halikuwa jina la mapenzi. Kila alipoogopa au kuona haya, kicheko kilimtoka. Mwalimu akimuuliza daftari liko wapi, anacheka. Siku moja mwanafunzi mwenzake alianguka uwanjani, goti likachanika, damu ikamwagika. Kicheko alishtuka mno, na badala ya kusema pole, akacheka. Tangu siku hiyo dawati lake lilikuwa na nafasi ya wawili, naye alikaa peke yake.

Aliyemchangamsha alikuwa jirani wa mlango wa pili, fundi wa nguo ambaye jengo zima lilimwita Bibi Cherehani. Bibi huyu aliishi na paka wa kijivu aitwaye Kifungo. Bibi alipoitwa hospitali kutolewa mtoto wa jicho, alimkabidhi Kicheko ufunguo.

"Mjukuu wangu, nitakaa kwa binti yangu wiki moja," alisema. "Mpe Kifungo chakula asubuhi na jioni, umbadilishie maji. Na dirisha la chumba cha kushonea usiliguse. Wavu wake umechanika, na hapa ni ghorofa ya tatu."

"Sawa, Bibi. Usiwe na wasiwasi."

Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Kicheko alimpelekea Kifungo chakula, kisha akakaa naye sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa, akimsimulia yote ambayo hakupata mtu wa kumsimulia. Kifungo alijikunja mapajani mwake na kunguruma, ile sauti ya chini chini inayotoka kooni mwa paka kama injini ndogo iliyo mbali.

Siku ya tatu joto lilikuwa kali. Chumba cha kushonea kilifukuta kama tanuri. Kicheko alitazama dirisha. "Kidogo tu," alijiambia, akalisukuma likaachia upenyo wa kiganja.

Njiwa akatua ukingoni.

Kifungo aliruka kabla Kicheko hajanyoosha mkono. Kucha zake zilikwaruza wavu, pengo likapanuka, na mara dirishani hapakuwa na paka wala njiwa.

Kicheko alishuka ngazi mbilimbili. Alimkuta Kifungo amesimama kwa miguu yote minne kando ya mapipa ya taka, macho yamemtoka. Hakukuwa na damu. Alipombeba, paka akaanza kunguruma.

"Huna hata mchubuko!" Kicheko alisema, huku machozi na kicheko vikimtoka kwa pamoja. Alikuwa amesikia mara nyingi kwamba paka huangukia miguu na haumii. Tena ananguruma, na paka hunguruma akiwa na raha. Alimrudisha ndani, akafunga dirisha, akavuta pazia.

Jioni hiyo Kifungo hakula. Asubuhi chakula kilikuwa vilevile, na udenda ulimtiririka kidevuni. Alijificha chini ya meza ya cherehani, akipumua harakaharaka, lakini Kicheko akimgusa tu, ananguruma.

Kabla hajaenda shule, simu ililia. Ilikuwa Bibi.

"Kifungo hajambo?"

Kicheko angeweza kusema. Maneno yalifika mpaka ncha ya ulimi, yakageuka kicheko. "Hajambo kabisa, Bibi. Ananguruma tu kwa raha."

"Mungu akubariki, mjukuu wangu. Huku nimefungwa bandeji jichoni, lakini nikijua Kifungo yuko salama, nalala vizuri."

Siku nzima darasani Kicheko hakusikia lolote lililofundishwa. Wakati wa mapumziko aliwaona wasichana wawili wakinong'onezana siri, akatamani awe na mtu mmoja, yeyote yule, wa kumnong'oneza ya kwake. Hakuwa naye. Aliporudi alisimama mbele ya chumba cha baba, akasikia pumzi nzito za mtu aliyechoka. Akainua mkono abishe, akaushusha.

Alimfunika Kifungo kwa taulo, akamweka ndani ya kikapu cha nguo, akaenda kwa daktari wa mifugo aliyekuwa nyuma ya duka la kuku na vyakula vyao.

Daktari alikuwa mama mwembamba mwenye koti la kijani lililojaa manyoya ya kila rangi. Alimweka Kifungo juu ya meza ya bati, akamtazama mdomo kwa mbali.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Hebu niambie, alianza lini kukataa kula?"

"Jana jioni."

"Ameanguka? Amegongwa na kitu? Amepigana?"

Kicheko alicheka. "Hapana."

Daktari alimtupia jicho. Aligusa shavu la paka, na Kifungo akarudi nyuma. "Pengine ni jino bovu, au mfupa umekwama. Hataniruhusu nimfungue kinywa akiwa macho. Nitamchoma sindano ya usingizi."

Akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akaligongagonga kwa ukucha ili vipovu vipande juu. Kicheko aliitazama ile sindano.

"Sindano hiyo ina hatari?" aliuliza.

"Kwa paka mwenye jino bovu, hatari ni ndogo. Mradi moyo na mapafu ni mazima."

Paka alikuwa akipumua upesiupesi, ubavu ukipanda na kushuka. Daktari alishika ngozi ya mgongoni, tayari kuchoma.

"Usimchome!" Kicheko alipiga kelele mpaka kuku wa dukani wakashtuka. "Alianguka! Alianguka kutoka ghorofa ya tatu. Mimi ndiye niliyefungua dirisha. Nimekudanganya, Daktari."

Daktari aliweka sindano chini. Hakugomba. Alichukua kifaa cha kusikilizia kifua, akasikiliza upande mmoja, kisha wa pili, kwa muda mrefu. Alipiga picha ya eksirei, akaibandika kwenye taa.

"Njoo uone. Hapa kuna hewa iliyovuja nje ya pafu, inalibana lisitanuke. Na hapa, taya lina ufa. Ningemlaza usingizi hivi alivyo, huenda asingeamka."

Kicheko alikaa juu ya gunia la pumba. Alimtazama daktari akipitisha sindano nyembamba kati ya mbavu za Kifungo na kuvuta hewa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Taratibu ule ubavu uliokuwa ukihema ukatulia.

"Taya tutalifunga kesho, mapafu yakipata nguvu," alisema Daktari akinawa mikono. "Nani mkubwa wako? Nipe namba nimpigie."

Walipokuwa wakimsubiri baba, Kicheko aliuliza swali lililokuwa likimkereketa. "Daktari, lakini aliangukia miguu."

"Ndiyo. Ndani ya sikio la paka kuna kiungo kinachomwambia juu ni wapi na chini ni wapi. Akianguka, anazungusha kichwa kwanza, kisha miguu ya mbele, kisha ya nyuma. Yote hayo kufumba na kufumbua. Kwa hiyo anaangukia miguu. Lakini ardhi ni ileile ngumu, na kutoka juu namna hiyo miguu haiwezi kubeba pigo lote. Kifua na kidevu vinagonga chini."

"Na alikuwa ananguruma! Nilidhani ana raha."

"Wengi hudhani hivyo. Kunguruma kunatoka kwenye misuli ya koo inayotikisika upesi sana. Paka hunguruma akiwa na raha, kweli. Lakini hunguruma pia akiumwa, akizaa, hata akiwa mahututi. Wanasayansi bado wanachunguza sababu. Wengi wao wanaona kwamba anajituliza mwenyewe, kama mtoto anavyonyonya kidole." Daktari alikausha mikono, akavuta kiti karibu. "Na wewe, nilipokuuliza kama ameanguka, mbona ulicheka?"

Kicheko aliinamisha kichwa. "Sijui. Sikuona cha kuchekesha. Nikiogopa hunijia tu. Shuleni wanasema nina roho mbaya."

"Huna roho mbaya. Hofu ikipanda, mwili hutafuta pa kuipunguzia. Wengine hulia, wengine hutetemeka, wengine hucheka. Huna haja ya kukionea haya hicho kicheko. Ila watu hawaoni kilicho moyoni mwako. Kikikutoka, kifuatishe na maneno. Sema, 'Samahani, nimeogopa.' Paka hawezi kusema. Wewe unaweza."

Baba aliingia mbio, shati amelivaa nje ndani, unga bado umeganda kwenye nyusi. Alisikiliza maelezo ya daktari, akamgeukia binti yake.

"Tangu jana! Kwa nini hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala, Baba. Ulisema nisipige kelele."

Baba alichuchumaa mbele yake hadi macho yao yakalingana. "Nilisema usipige kelele. Sikusema ubaki peke yako na jambo kama hili. Ukiwa na shida, piga huo mlango mpaka uvunjike. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Kifungo alifungwa taya kwa waya mwembamba, akakaa kwa daktari siku tatu. Bibi Cherehani aliporudi, baba alijitolea kwenda kumweleza, lakini Kicheko alikataa. Alibisha mwenyewe, na kabla Bibi hajamkaribisha, alimwaga yote: dirisha, njiwa, simu. Katikati kicheko kikamponyoka. "Samahani, Bibi, nimeogopa," alisema, akaendelea hadi mwisho.

Jicho moja la Bibi lilikuwa chini ya bandeji, na lile la pili halikumtazama.

"Nenda nyumbani," alisema.

Siku nne mlango wa pili haukufunguka kwa ajili yake. Kicheko alisikia cherehani ikienda na kusimama, akasikia Kifungo akikwaruza sakafu, na nyumba yao ikawa kimya kuliko zamani. Baba alianza kuamka mapema wapate saa moja ya kuzungumza, na hilo lilisaidia. Lakini alasiri zilibaki ndefu.

Siku ya tano Bibi alibisha. Alishika kibakuli cha uji wa samaki na bomba la plastiki lisilo na sindano, na kanga yake ilikuwa na madoa ya huo uji kuanzia kifuani mpaka magotini.

"Ingia," alisema.

Kicheko alimfunga Kifungo kwa taulo, akamkumbatia. Bibi alipenyeza bomba pembeni ya mdomo, akasukuma tone baada ya tone. Paka alimeza, akapiga chafya, akawarushia wote wawili uji usoni. Bibi alijipangusa, akashusha pumzi.

"Nilikasirika, sitakuficha," alisema. "Lakini sikia. Umekosea mara mbili. Dirisha lilikuwa kosa la kwanza, na kosa la namna hiyo hata mimi ningeweza kulifanya kwa joto lile. La pili ni lile la kwenye simu, na hilo ndilo lililoniuma. Ungeniambia asubuhi ile, Kifungo angefika kwa daktari mapema, asingekaa mpaka alasiri na maumivu. Ukikosea, mtu wangu, sema upesi. Kila saa unayoficha, kuna mwingine anayeumia."

"Nimeelewa, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Alijaza bomba tena, akainamisha kichwa ili jicho zima limwone paka vizuri. "Kesho ukitoka shule usipitilize. Mmoja amshike, mmoja amlishe. Hii si kazi ya mtu mmoja."