Mlinzi wa Mtihani wa Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti mmoja alifagia ua, akateka maji na kuosha vyombo huku akizungumza peke yake kama redio iliyosahauliwa kuzimwa. Ndiyo maana watu walimwita Chiriku.

Mama yake alikuwa mtunza kumbukumbu kwenye zahanati ya mtaa, katika chumba kilichojaa mafaili hadi darini. Mara nyingine faili la mgonjwa halikuonekana, na mgonjwa huyo akalazimika kujieleza upya kama mgeni. Jambo hilo lilimkera mama. Akaamua kusoma shahada ya uzamili ya mifumo ya taarifa, ili ajifunze kupanga habari za wagonjwa kwenye kompyuta zisipotee. Chuo kilikuwa mbali, naye alisoma kwa mtandao. Darasa lake lilikuwa meza ya kulia chakula.

Siku ya mtihani mkubwa ikafika. Mama alifunga mapazia, akamwita binti yake.

"Chiriku, nisikilize kwa masikio yote mawili. Mtihani huu unalindwa na kamera. Inaniona na kunisikia. Mtu akiingia akasema nami, itaonekana naletewa majibu. Naweza kufukuzwa chuo."

"Hata nikipiga chafya?"

"Chafya yako kapigie nje. Kaa hapo mlangoni. Akija mtu, mwambie taratibu kwamba nina kazi, arudi baadaye."

"Hata nzi hapiti, mama!"

Chiriku akakaa mlangoni. Haukupita muda, wenzake wakaanza kuruka kamba ng'ambo ya uzio.

"Jamani, mwoneni askari wa benki!" mmoja akacheka. "Mlango wenu una miguu utoroke?"

"Mama anafanya mtihani."

"Mtihani ni wake, miguu ni yako. Njoo uruke zamu moja tu!"

Zamu moja ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ya tatu.

Huku nyuma, jirani yao, fundi cherehani, alifika na utepe shingoni kumpima Chiriku sare mpya. Akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena. Kwa kuwa nyumba ile aliizoea kama yake, akasukuma mlango na kuingia.

"Wenyewe mpo? Nimekuja kumpima Chiriku wetu!"

Mama akaruka kitini. Kompyuta ikaandika kwamba sauti ya mtu mwingine imesikika na mtihani umesimamishwa.

Chiriku akaja mbio, akihema. Alimkuta mama amesimama, uso umemsawijika.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapahapa mlangoni." Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria. "Nilimkataza, mama. Akanisukuma, akaingia."

"Mimi?" fundi akashangaa. "Mimi nimekusukuma wewe?"

"Tafadhali toka nyumbani kwangu," mama alisema. Fundi akamtazama mtoto, akatoka.

Jioni mama aliandikia chuo kwamba jirani aliingia kwa nguvu kwa kumsukuma mtoto. Wakamjibu kuwa walimu watamhoji kwa kamera, na kwamba jirani na mtoto nao wawepo.

Tangu hapo Chiriku akawa bubu. "Vipi, ulimi umekwenda likizo?" mama aliuliza. Chiriku akachukua ufagio, akatoka uani.

Kesho yake mteja mmoja wa fundi alileta mfuko. Ndani mlikuwa na sare, imepigwa pasi.

"Fundi amesema amekisia kwa macho, maana hakupata nafasi ya kupima," mteja alieleza. "Ameacha upindo wa kukunjuliwa ukikua. Hataki mtoto aende shule na sare iliyochanika."

Chiriku akaivaa, ikamkaa vizuri. Lakini aliona kama inamwasha mwili mzima. Akaivua, akaikunja, akaenda jikoni.

"Mama, hakunisukuma. Sikuwepo mlangoni. Nilikuwa naruka kamba."

Mama aliweka mwiko chini. Hakufoka, na angefoka ingekuwa afadhali.

"Nimemfukuza mtu kwa neno lako," alisema polepole. "Na neno hilo nimeliandika, nikatia sahihi yangu."

Wakaenda wote wawili kwa fundi. Cherehani ikanyamaza.

"Dada, nimekukosea," mama alisema. "Sikukupa hata nafasi ya kusema, nikakushtaki hadi chuoni, na sasa walimu wanataka kutuhoji sote."

"Nisamehe, mama," Chiriku akasema huku akilia. "Nilikusingizia."

Fundi alikata uzi kwa meno. "Kufukuzwa kuliniuma. Lakini kilichoninyima usingizi ni macho yako, mwanangu. Yalinitazama makavu." Akaweka kitambaa kando. "Haya, yamekwisha. Hao walimu wanatuhoji lini? Msije mkaniambia nivae viatu virefu."

Siku hiyohiyo mama alikiandikia chuo upya, akasema yaliyotokea.

"Wakikufukuza je?" Chiriku aliuliza.

"Watakuwa wamemfukuza aliyesema kweli."

Siku ya mahojiano, Chiriku aliyasema yote mbele ya kamera. Mwalimu mmoja akamgeukia mama.

"Sauti tuliyoirekodi ina hodi mbili, na haina purukushani yoyote. Kwa maelezo yako ya kwanza tungekuhesabu mdanganyifu. Haya ya pili yanalingana na tulichosikia. Hufukuzwi, ila mtihani ule umefutwa. Utafanya mwingine."

Fundi alipokwisha kuaga, mama alimketisha binti yake karibu.

"Mwanangu, kazi ninayosomea imesimama juu ya jambo moja, kwamba anayeleta habari aziseme zilivyo. Kompyuta haina huruma wala aibu. Ukiilisha uongo, itakurudishia uongo uliopangwa vizuri, na kwenye zahanati uongo kama huo waweza kumpa mgonjwa dawa ya mwenzake. Nami nina kosa langu. Nilipokea neno lako bila kumsikiliza mtu wa pili. Wewe kuacha mlango ni utoto, na utoto husamehewa. Lakini ulipodanganya, ulimtwika mzigo wako mtu asiye na kosa. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo."

"Nimesikia, mama."

Mama akavuta vitabu vyake vyote, akafumba macho kidogo kwa uchovu, kisha akaanza tena ukurasa wa kwanza.