Ruhusa ya Kwenda Zahanati

Mwaka wa pili wa Korona, mwezi wa Julai, nyumba yetu ya kijijini Didia ilikuwa na kazi moja kubwa: viazi vitamu. Kila asubuhi wanawake walimenya viazi, wakavikata vipande vyembamba, kisha wakavianika juu ya mwamba nyuma ya zizi. Vikikauka tunaviita michembe, na michembe ndiyo hutuvusha miezi ya njaa. Mke wangu, Scolastika, alisimamia kazi hiyo kama nyapara. Mkwe wetu, Vumilia, alikuwa mwepesi kuliko wote, ingawa mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane.

Vumilia ni mke wa mwanangu Deusdedit. Deusdedit mwenyewe hakuwepo. Alikuwa upande wa Geita, akichimba dhahabu katika maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji wadogo. Mimba hiyo ilikuwa ya kwanza, nami nilikuwa namngoja mjukuu kwa fahari ambayo sikuificha.

Jina langu ni Mayala. Nilikuwa karani wa ushirika wa pamba kwa miaka ishirini na sita, na nimezoea mambo yaende kwa utaratibu. Katika mila yetu, utaratibu wa baba mkwe na mke wa mwanawe unajulikana. Hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Akikuletea maji hupiga magoti, huyaweka chini, huondoka. Habari za mimba yake ndizo kabisa hazikuhusu. Hizo ni za wanawake. Utaratibu huo niliushika vizuri. Niliushika vizuri mno.

Siku hizo watu waliogopa. Wazee wawili wa kijiji cha jirani walikuwa wamefariki kwa kukosa pumzi. Scolastika akatoa amri nyumbani.

"Mnadani hakuna kwenda. Msibani hakuna kwenda. Kliniki hakuna kwenda."

"Mama, hata kliniki?" Vumilia aliuliza.

"Kliniki kuna wagonjwa. Unataka kumpelekea mjukuu wangu Korona huko huko tumboni?"

Vumilia alirudi kwenye viazi vyake. Tarehe ya kliniki ikapita. Ya pili nayo ikapita. Mimi nilisikia yote hayo nikiwa nimekaa kizingitini, nikaendelea kunoa jembe.

Jumatatu moja Vumilia alisema kichwa kinamuuma sana.

"Korona hiyo!" Scolastika alisema. "Leteni sufuria kubwa."

Akachemsha majani ya mwarobaini, mchaichai, mkaratusi na malimao. Akamfunika Vumilia kwa mablanketi mawili, sufuria ikiwa katikati ya miguu yake, avute ule mvuke tunaouita nyungu. Mara tatu Jumatatu. Mara tatu Jumanne. Kichwa hakikupoa. Jumatano asubuhi, blanketi lilipofunuliwa, Vumilia alijaribu kusimama, akaanguka.

Scolastika alinijia mbio. "Baba Deusi! Mkwe wako ameanguka."

"Apelekwe zahanati."

"Kwa ruhusa ya nani? Mwenye mke hayupo."

Basi tukampigia mwenye mke. Simu ikapokelewa na mtu mwingine, kelele za mashine nyuma yake.

"Deusi yuko chini duarani, mzee. Akipanda nitamwambia."

Tulingoja saa mbili nzima. Hatimaye Deusdedit akapiga.

"Baba, mimi niko mbali. Amua wewe."

"Niamue nini? Mimi ni mkwe. Siwezi kukaa nikajadili tumbo la mke wako."

"Basi mama aamue."

Nikampa mama yake simu, naye akaikataa kama aliyepewa kaa la moto. "Nikiamua mimi na likatokea baya, kwao watasema nimemuua binti yao. Mwulizeni shangazi yake Deusi. Si ndiye aliyekwenda kumposa?"

Shangazi huyo ni dada yangu Agnetha, mfanyabiashara wa mchele kule Kahama. Tukampigia.

"Msimguse mpaka nije," Agnetha alisema. "Kesho napanda basi."

"Kesho, Agnetha?"

"Leo napakia mchele, kaka. Kwani anaumwa nini hasa?"

"Kichwa. Na ameanguka."

"Kichwa! Mimi kichwa kinaniuma tangu Korona hii ianze, nani amenipeleka hospitali? Hebu mwulizeni mume wake anasemaje."

Nilikata simu. Nilikuwa nimechoka kwa hasira. Watu wanne wazima, na uamuzi hata nusu haukupatikana. Kila mmoja alimsukumia mwenzake, kwa heshima kubwa na maneno mazuri. Na Vumilia alikuwa amelala mkekani, hatua kumi kutoka tulipokuwa tukipiga simu. Hakuna aliyemwuliza lolote.

Jua lilipokuwa utosini, Generosa aliingia uani. Generosa ni muuguzi wa zahanati yetu, binti wa miaka thelathini hivi, mfupi, mwenye sauti ya kutosha watu wawili. Alikuwa amevaa barakoa na kushika mfuko wa vifaa. Alisimama mbali kidogo nasi.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mayu," alituamkia; mayu kwa Kisukuma ni mama.

"Marahaba."

"Nimemfuata Vumilia. Amekosa kliniki mara mbili. Daftari langu linamdai."

"Ana Korona," Scolastika alinong'ona. "Tunamfukiza."

Generosa alikohoa kidogo ndani ya barakoa yake, nadhani ili asiseme lililomjia kwanza. Alinawa mikono kwa sabuni, akapiga goti karibu na mkeka. Tena hakutuuliza sisi. Alimwuliza Vumilia.

"Kichwa kinauma wapi?"

"Mbele. Kama kinapasuka."

"Macho je?"

"Tangu jana naona vimulimuli. Mara ukungu."

"Tumbo?"

"Panauma hapa juu, chini ya mbavu."

"Unakohoa? Una homa? Pumzi inakubana?"

"Hapana."

Generosa akaivuta khanga ambayo Vumilia alikuwa amejitanda mpaka usoni. "Uso huu umevimba tangu lini?"

Scolastika alisogea akautazama.

"Nilidhani amenenepa," alisema. "Si mimba?"

"Nawe mzee, hukuona?"

"Mimi ni mkwe wake," nilijibu kwa ukali. "Simtazami usoni."

"Nitakukosea adabu leo, mzee, unisamehe. Mtazame."

Nilitazama. Macho ya yule binti yalikuwa yamebaki mistari miwili. Vidole vyake vilikuwa vinene kama vya mtu mwingine. Nilikuwa nimeishi naye katika ua mmoja, nikapokea maji kutoka mikononi mwake kila siku, na sikuwa nimeiona mikono hiyo.

Generosa alimfunga kipimo cha presha mkononi. Akapima, akapumzika, akapima tena.

"Mia na sabini juu ya mia na kumi na tano," alisema. "Hii ni presha ya mimba. Ikiachwa huleta kifafa cha mimba. Mama hukakamaa na kutetemeka mwili mzima, hupoteza fahamu, na anaweza kufa yeye na mtoto. Dalili zake ndizo hizi: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu chini ya mbavu."

"Na nyungu?" Scolastika aliuliza.

"Nyungu haiondoi presha, mayu. Haitibu hata hiyo Korona. Joto lile humkausha mjamzito maji mwilini, akazirai, au sufuria ikamwagika ikamuunguza. Na ubaya mkubwa ni huu: mmekaa siku tatu mkidhani mnatibu."

"Lakini watu wote wanajifukiza!"

"Watu wote wana mimba?"

Scolastika aliisogeza sufuria pembeni kwa mguu. Ni mara chache sana nimemwona akikubali kushindwa.

"Anahitaji sindano zahanati sasa hivi, kisha hospitali mjini," Generosa alisema.

Mke wangu akanyoosha mkono kwenye simu. "Ngoja basi tumpigie Deusi tumwambie—"

"Mwenye mwili yuko hapa, mayu. Vumilia, unataka kwenda?"

"Nataka," Vumilia alisema. "Nilitaka tangu Jumatatu."

"Kwa nini hukusema?" Hilo niliuliza mimi. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia juu ya hali yake.

"Hakuna aliyeniuliza, baba. Na ningesema mwenyewe, mngeniita mkaidi."

Neno hilo lilinichoma. Nilisimama, nikajikohoza kama ilivyo desturi ya mwenye mji, nikasema, "Sawa. Natoa ruhusa, aende."

"Ameshaamua mwenyewe, mzee," Generosa alisema huku akifunga mfuko wake. "Wewe tafuta gari."

Nilitafuta gari. Masudi, jirani yetu mwenye gari dogo la abiria, alishusha watu wawili waliokwisha kukaa ndani. Walilalamika sana, sikuwasikiliza. Madirisha yalifunguliwa yote, kila mtu akavaa barakoa, na Scolastika akaenda kama msindikizaji. Msindikizaji mmoja tu. Majirani watatu waliotaka kujipakia niliwarudisha.

Zahanati walimchoma Vumilia sindano ya kuzuia kifafa, wakampa dawa ya kushusha presha. Mjini madaktari wakamwanzishia uchungu, kwa kuwa presha ya namna hiyo haiponi mpaka mtoto atoke. Alhamisi alasiri alizaliwa mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye kelele. Wakamwita Melania.

Scolastika aliporudi kuchukua nguo alikuwa na manung'uniko mengi, mengi yakiwa juu ya nafsi yake. "Nimekwenda nikitetemeka kwa Korona. Kumbe mlangoni kuna ndoo za maji na sabuni. Wanaokohoa wana upande wao, wajawazito upande wao. Na daktari ananiambia, 'Mama, mngechelewa mpaka kesho tungekuwa tunazungumza mengine.' Mpaka kesho, Baba Deusi! Si ndiyo siku aliyosema Agnetha?"

Vumilia alikaa hospitali siku sita, maana presha huweza kumrudia mzazi hata baada ya kujifungua. Aliporudi nyumbani, Generosa alikuja kumpima tena. Safari hii tulikaa wote, mimi nikiwamo, wala mbingu hazikuanguka.

"Mwanamke akishika mimba," Generosa alisema, "mipango ifanywe mapema, akiwa mzima. Mkubaliane atajifungulia wapi. Nani atamsindikiza. Gari la nani litaitwa. Nani atatoa damu ikihitajika. Ugonjwa wa mlipuko ukiwepo, kliniki haiachwi. Unavaa barakoa, unanawa, unakaa mbali na mwenzako, unarudi nyumbani. Na dalili za hatari zikionekana, kikao hakiitishwi. Mnakwenda."

Nilichukua kalamu nikaandika dalili hizo, na nyingine alizotutajia, kwa herufi kubwa. Kichwa kuuma sana. Macho kuona ukungu. Uso na mikono kuvimba. Maumivu chini ya mbavu. Degedege. Kutokwa damu. Maji kutoka kabla ya uchungu. Homa. Kubanwa na pumzi. Mtoto kuacha kucheza tumboni. Karatasi nikaibandika ukutani, ndani, mahali ambapo wanawake wanaiona bila kuomba ruhusa ya mtu.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, Deusdedit akafika kutoka machimboni. Alikuwa na begi begani na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi.

"Mwanangu yuko wapi?" alipaza sauti tangu njiani.

Vumilia alitokeza mlangoni, mtoto akiwa mgongoni. "Baba Melania, simama hapo hapo."

"Nisimame? Hapa kwetu?"

"Umetoka kwenye kambi ya watu mia. Umekaa ndani ya basi tangu alfajiri. Utalala kwenye nyumba ndogo ile ya pembeni mwa ua, siku kumi na nne. Chakula utaletewa mlangoni."

"Mimi ndiye baba yake!"

"Ndiyo. Ndiyo maana nataka ukae mbali naye."

Deusdedit alimgeukia mama yake. Mama yake aliinama akaanza kumenya viazi. Deusdedit akatoa simu, akampigia shangazi yake kule Kahama, na sauti ya Agnetha ikasikika ua mzima: "Mwacheni aingie! Tangu lini damu ya baba ikamdhuru mtoto?"

"Mwambie shangazi tumemsikia," Vumilia alisema, bila kuondoka mlangoni.

Mwishowe Deusdedit akanigeukia mimi. "Baba, mwambie huyu. Wewe ndiye mwenye mji."

"Umemsikia mama wa mtoto," nilimjibu. "Nyumba ndogo imefagiliwa."

Alikwenda akipiga teke mawe. Siku ya kwanza hakula kwa kununa. Siku ya pili alikula. Siku ya nne alianza kukohoa, na harufu ya dagaa waliokaangwa mbele ya mlango wake hakuisikia. Generosa akaja, akapanga apimwe mjini. Majibu yakaja: Korona.

Ugonjwa wake haukuwa mkali. Alilala sana, akanywa maji mengi, akapiga simu nyingi za kulalamika kutoka nyumba ndogo kwenda nyumba kubwa, hatua ishirini. Vumilia, mtoto, mke wangu na mimi hatukuugua. Kila jioni, jua likipungua, Vumilia alisimama uani kwa mbali na kumnyanyua Melania juu, ili baba yake amwone kupitia dirishani.

"Anafanana na mimi?" Deusdedit aliuliza siku ya kumi.

"Kwa kelele, ndiyo."

"Kikohozi kimekwisha. Naweza kutoka?"

"Bado siku nne."

"Baba!" aliniita. "Umesikia? Siku nne!"

Nilikuwa napita nikielekea zizini. Sikusimama. Sikuwa nimeulizwa na mwenye uamuzi.