Viatu Vilivyogeuzwa Mlangoni

"Na hivi viatu vya nani?"

Bibi Bong ndiye aliyeuliza, Jumapili asubuhi, amesimama mlangoni kwa jirani yake Mama Seon-a. Ndani, Mama Seon-a alikuwa amelala kifudifudi, kichwa kimepasuliwa kwa gongo la kupigia nguo. Mlangoni palikuwa na viatu vingi vyeusi vya ngozi. Bibi Bong alikuwa akionyesha jozi iliyokuwepo kabla polisi hawajafika.

"Vya mwenzetu mmoja," alijibu Sajini Kwak bila kutazama. "Sogea, Bibi."

Polisi walikuwa wamevua viatu. Kuingia kwa watu na viatu, tena penye maiti, nani angethubutu? Wakazunguka kwenye damu na soksi zao. Nyayo za polisi na za muuaji zikawa kitu kimoja. Naye Sajini Kwak, mtu wa adabu nyingi, akainama akavigeuza viatu vyote vitazame nje, ili kila anayetoka avae bila taabu.

Wakamkamata mume wa marehemu, aliyekuwa kibarua katika mgodi wa makaa ya mawe. Walimpiga hadi akakiri. Walipomwambia aonyeshe alivyoua, hakujua hata gongo lilikuwa wapi. Wakamwachia. Kijiji hakikumwachia. Binti yake, Seon-a, alilelewa na mama yake mdogo. Baba alipomfuata shuleni na mfuko wa viazi vitamu vya kuchoma, Seon-a alimrushia mawe. Baba alipokufa kwa pombe, binti hakwenda kumzika.

Miaka ishirini na nane ilipita.

Inspekta Maeng Hye-rim, mwanamke wa maneno machache, alikabidhiwa kesi zilizolala. Alimwita Seon-a kituoni, akamwekea mezani viatu vya kike vya plastiki, vya zambarau.

"Viliokotwa mlangoni. Vimeandikwa ni vya mama yako."

"Si vyake."

"Ulikuwa mtoto."

"Afande, viatu vya mama tulivichoma na nguo zake siku ya mazishi. Nilisimama pale moshi ukiniingia machoni. Hivi sivijui."

Maeng alivipeleka maabara. Jibu lilirudi: damu ya marehemu ilikuwa ndani ya viatu, pale unyayo unapokaa. Nje hapakuwa na tone.

"Basi aliyevivaa alikuwa tayari amekanyaga damu kwa soksi," Maeng alisema. "Alivivaa baadaye, akaja navyo, akaviacha. Aliondoka na vipi?"

Wakaenda kwa Bibi Bong. Alikuwa hasimami tena, ila ulimi ulikuwa mzima.

"Nilikuta viatu vya mwanamume pale kabla sijapiga kelele. Nikawauliza, vya nani? Wakaniambia sogea. Nikasogea. Nimesogea mpaka leo, hakuna aliyekuja kuniuliza!"

"Jioni vilikuwepo?"

"Havikuwepo. Nani angenisikiliza, mwanamke kama mimi?"

Maeng akaanza kuwaonyesha wanawake wa kijiji vile viatu vya zambarau, nyumba kwa nyumba, Seon-a akiwa nyuma yake. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mzee Ma Gil-su, aliyekuwa mzee wa kanisa. Mkewe, Mama Du-ri, alikuwa akipaka kabichi pilipili ya kimchi, ile achari ya kuchachushwa, mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Mumewe alikaa pembeni akimenya vitunguu saumu kwa kisu.

"Ee! Vyangu hivi!" Mama Du-ri alicheka. "Tazameni kisigino, nilikiunguza mwenyewe kwa kaa la jiko. Nilivitafuta mpaka nikachoka! Baba Du-ri akaniambia mbwa kavibeba. Mmevitoa wapi?"

Kisu cha mzee kilikuwa kimesimama.

"Mzee Ma," Maeng alisema. "Ulivaa viatu vya mkeo kwenda wapi?"

Mzee alimtazama. "Muda wa kunishtaki umekwisha. Si ndiyo?"

"Umekwisha. Sheria mpya iliyoondoa ukomo huo haiwafikii wa zamani."

"Basi nitasema."

Akasema, sauti yake tulivu kama anasoma matangazo ya kanisani.

"Nilikuwa namsumbua Mama Seon-a, mumewe akiwa mgodini. Hakunitaka. Asubuhi ile aliniambia, kesho wanawake wakikusanyika kutengeneza kimchi, atamwambia mke wangu mbele yao wote. Mimi, mzee wa kanisa! Gongo lilikuwa karibu. Bibi Bong akabisha hodi, nikatoka kwa mlango wa nyuma na soksi tu. Viatu vikabaki mbele."

"Ukarudi."

"Nilivaa vya kwanza nilivyoviona nyumbani, nikajichanganya na watu. Nikajua watanishika. Kufika, nikavikuta vyangu vimegeuzwa, vinaningoja. Nikaviacha vya mke wangu, nikaingia kumwombea marehemu, nikatoka na vyangu. Sajini Kwak akanishika mkono nisiteleze kwenye barafu."

"Alikuambia nini?" Seon-a aliuliza. Ndiyo mara ya kwanza kufungua kinywa katika nyumba ile.

"Alisema, pole kwa msiba, mzee."

Mama Du-ri alikuwa bado ameshika jani la kabichi. "Ni wewe uliyemwombea marehemu," alisema polepole. "Mimi nikaitikia amina."

"Ukamwacha Baba Seon-a apigwe," Maeng alisema.

"Walishamchagua. Sikumtaja mimi."

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Za huyu zilihesabiwa na sheria, zikaisha, akabaki na vitunguu vyake mkononi. Kuna hakimu mmoja asiyehesabu miaka, lakini hakuwa kwenye chumba kile kwa namna ya kuonekana.

"Nisamehe, binti yangu," mzee alisema.

Seon-a alisimama. Maeng alimtangulia mlangoni, na kwa mazoea tu ya malezi akainama amgeuzie viatu. Mkono wake ukaishia njiani.

Seon-a aliviokota mwenyewe, akavibeba mkononi, akatoka na soksi kwenye barafu.